Barua ya wazi kwa Seneti: nani anauza changu kwa shilingi 437?

Kwa Mheshimiwa Naibu Chansela, wajumbe wa Seneti na wakuu wa vitivo,

Waheshimiwa,

Ninaandika kuhusu waraka mliotutumia mwanzoni mwa muhula huu, ule unaotutaka sisi wahadhiri tupitishe kila kazi ya mwanafunzi katika programu ya kubaini maandishi ya akili mnemba, na kumpeleka mbele ya kamati ya nidhamu kila ambaye programu hiyo itamnyooshea kidole. Mimi ninafundisha utangulizi wa takwimu, somo ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara, uuguzi, elimu na sayansi ya mazingira hulichukua kwa lazima, wengi wao bila kulipenda. Nimekaa na waraka wenu wiki kadhaa nikitafuta namna ya kuutii, nikashindwa, na sababu ya kushindwa kwangu inatoka ndani ya somo lenyewe ninalolipwa kulifundisha. Naomba mnisikilize.

Nianze na samaki. Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi, katika vikundi vya watano watano, waende sokoni wakaulize bei ya samaki aitwaye changu kwa wauzaji 60, kisha watafute wastani na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, wachore grafu na waeleze walichokiona. Kikundi kimoja kilileta kazi safi kuliko zote: ripoti ya kurasa 12, Kiingereza kilichonyooka, grafu za rangi, na hitimisho lililozungumzia ugavi na mahitaji kama mchumi aliyebobea. Nikageuza ukurasa hadi kwenye jedwali la data. Muuzaji wa kwanza, kilo moja shilingi 437. Wa pili 512. Wa tatu 468. Bei zote zilikuwa za namna hiyo mpaka mwisho wa jedwali.

Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ya samaki Mji wa Kale au Kongowea, hapa Mombasa, anajua kwamba hakuna mchuuzi anayeuza changu kwa shilingi 437. Bei huwa 400, au 450, au 500 ukionekana mgeni, na baada ya hapo ni mazungumzo. Data ya kweli ingerundikana kwenye mamia na hamsini kama abiria wanaosubiri geti la feri lifunguliwe, lakini data ile ilikuwa imetandazwa laini, juu katikati na chini pembeni, kama kengele inayochorwa vitabuni. Tena tulikuwa katikati ya msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka na ngalawa nyingi hazithubutu kutoka nje ya miamba. Katika wauzaji 60 wangekuwapo wa kusema tu kwamba leo hakuna, na jedwali lingekuwa na mapengo. Halikuwa na pengo hata moja.

Nilipowaita wanafunzi hao hawakubisha. Mmoja wao aliniambia kwa heshima zake: “Mwalimu, wiki ile tulikuwa na CAT (majaribio ya muhula) tatu, na nauli ya kwenda soko kwa soko hatukuwa nayo.” Waliiomba mashine iwatungie bei 60 za samaki wa Mombasa, nayo ikatunga bila kinyongo. Hesabu zote zilizofuata zilikuwa sahihi, nilizirudia mwenyewe. Kwa mwongozo wa kusahihisha tulioupitisha sisi wenyewe katika idara, ambao unampa mwanafunzi alama tatu tu kwa kukusanya data na 27 kwa yote yanayofuata, kazi ile ingepata 27 kati ya 30. Iligunduliwa kwa bahati, kwa kuwa aliyeisahihisha anapenda changu.

Sasa tazameni programu ya kubaini ingefanya nini hapo. Ingesoma sentensi. Sentensi hazikuwa tatizo, uongo ulikuwa kwenye bei. Na kama wanafunzi wale wangeandika maelezo kwa mkono wao, kwa Kiingereza chao cha kuchechemea, juu ya data ileile ya kubuni, programu ingewapitisha salama na mimi ningewapa hongera.

Hilo ni la kwanza. La pili ni hesabu ambayo mwanafunzi wangu yeyote aliyefaulu anapaswa kuweza kuwafanyia, na ningeona haya kuifundisha darasani asubuhi kisha jioni nikaenda kinyume nayo. Tuseme darasa lina wanafunzi 400, na kati yao 40 wamewasilisha kazi iliyoandikwa na mashine. Tuseme pia programu ni nzuri sana: inawanasa 90 katika kila wadanganyifu 100, na inawasingizia watano tu katika kila 100 wasio na hatia. Itawanasa wadanganyifu 36. Lakini wasio na hatia ni 360, na asilimia tano yao ni 18. Mtakaowaita mbele ya kamati ni 54, na 18 kati yao, mmoja katika kila watatu, hawajafanya kosa lolote. Programu haijaharibika, imefanya kazi kama ilivyoahidi, ila wasio na hatia ni wengi kuliko wenye hatia, na kosa dogo likipigwa kwenye umati mkubwa huzaa watu wengi. Madaktari hulijua jambo hili katika vipimo vya magonjwa adimu, na ndiyo maana hawamwanzishii mtu dawa nzito kwa kipimo kimoja.

Nimekuwa mkarimu katika mfano huo. OpenAI, kampuni iliyoileta ChatGPT kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, ilitoa programu yake ya kubaini mnamo Januari 2023 na kukiri yenyewe kwamba ilikuwa ikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, huku ikiyasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Kufikia Julai mwaka huohuo waliiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Programu zimepata kuboreshwa tangu wakati huo, sikatai, lakini fikirini ni nani anayekaa katika kumbi zetu. Ni mtoto aliyelelewa kwa Kigiriama au Kidigo au Kitaita, akakulia katika Kiswahili, akajifunza Kiingereza cha vitabuni chenye msamiati mchache na sentensi zilizonyooka, ambacho ndicho hasa programu hizo zilikuwa zikikidhania kuwa cha mashine. Sitampeleka mwanafunzi huyo mbele ya kamati kwa ushahidi ambao mimi mwenyewe ningemfelisha mtu kwa kuutegemea.

Baadhi ya wenzangu wanasema njia rahisi ni kurudi nyuma: kalamu, karatasi, kikokotoo, jedwali la t nyuma ya kitabu, saa mbili ndani ya ukumbi. Wengine wanasema tuache kila kitu kwa mashine, maana kazini ndiko wanakokwenda kuitumia. Nawaheshimu wote, ila naona pande zote mbili zinabishana kuhusu hesabu, na hesabu iliondoka mikononi mwa binadamu zamani. William Gosset alipochapisha mwaka 1908 kazi iliyotuletea jedwali hilo la t, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin aliyesumbuliwa na swali la kikazi, yaani unaamua vipi kwa vipimo vichache tu, wakati ambapo nadharia ya siku zile ilidai vipimo vingi. Jedwali lilikuwa jibu la swali lake. Sisi tumebaki na jedwali na swali tumelisahau. Kikokotoo kikachukua kujumlisha, programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure na ilizaliwa Chuo Kikuu cha Auckland, ikachukua kila fomula tuliyokuwa tukiikaririsha, na sasa akili mnemba imechukua hata aya ile ya mwisho ya “kutafsiri matokeo” ambayo tulidhani haichukuliki. Bado ninataka kila mwanafunzi akokotoe mchepuko sanifu wa namba tano kwa mkono wake, mara moja, ili aonje kilicho ndani. Mara ya pili ni kupoteza wino.

Kilichobaki ni kujua data ilitoka wapi, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na swali liliulizwaje. Naomba niwaonyeshe kwa mfano ambao huutumia darasani, kwa kuwa katika mjadala wa Seneti naona jambo hili hutajwa haraka kama pambo.

Chukueni matatu mbili za abiria 14 zinazotoka Likoni kuelekea Ukunda. Moja imejaa, ina abiria 14. Nyingine imeondoka na wawili. Mwenye magari akiulizwa wastani wa abiria kwa safari atasema nane, na ni kweli. Lakini mwanafunzi akisimama Ukunda na kumuuliza kila anayeshuka mlikuwa wangapi garini, watu 14 watamjibu 14 na watu wawili watamjibu wawili. Majibu 16, jumla 200, wastani 12 na nusu. Mwenye gari analalamika kwamba biashara ni mbaya, abiria wanalalamika kwamba magari yamejaa, na hakuna anayesema uongo. Tofauti yote imetoka mahali alipoulizwa mtu. Ni kwa sababu hiyohiyo kila mtu wa mji huu ataapa kwamba magari hujaa kila siku, maana gari lililokwenda tupu halikuwa na mtu wa kulishuhudia.

Muhula huu nilifanya jaribio mbele ya darasa. Mwanafunzi mmoja aliipa mashine majibu yale 16 bila kueleza yalivyopatikana, akaiomba iyachambue. Ikatoa 12 na nusu, ikaongeza aya nzuri kuhusu msongamano wa usafiri wa umma na haja ya kuongeza magari barabarani. Nikamwambia aongeze sentensi moja tu, kwamba majibu yalitoka kwa abiria wenyewe walipokuwa wakishuka. Mashine ikabadilika palepale, ikaeleza kwa ufasaha kuliko mimi kwa nini gari lililojaa lina mashahidi wengi zaidi, ikasahihisha wastani hadi nane. Haikukosa maarifa, ilikuwa haijaambiwa, na haikuwapo stendi. Darasa lilinyamaza kidogo, na ukumbi ule kunyamaza si jambo dogo. Kuijua sentensi ile moja, na kujua kwamba inahitajika, ndiko kufuzu ninakotaka kukutolea alama. Kwa mtihani tulio nao sikutolei hata moja.

Ningependa pia muhtasari wa somo uongezwe mada ambayo mashine yenyewe imetuletea mlangoni. Akili mnemba za lugha ni mjukuu wa takwimu, kwani kazi yake ni kukadiria uwezekano wa neno linalofuata kwa sharti la maneno yaliyotangulia. Mwanafunzi akishajua hivyo ataacha kuiona kama sheikh au kama jini. Na papo hapo anaweza kuuliza swali letu la kawaida, sampuli yake, yaani wale waliochukuliwa kuwakilisha wengine, ilikuwa nani. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipata kadi za kura ya maoni zaidi ya milioni mbili zilizorudishwa na wasomaji na wengine waliotumiwa kadi hizo, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais, na Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kadi zilikuwa nyingi, ila zilikwenda zaidi kwa wenye simu na magari, na zilirudishwa na waliojisikia kurudisha. Mashine iliyosoma maandishi mengi kupita kiasi ya Kiingereza na kiasi kidogo cha Kiswahili inaweza kutazamwa kwa jicho hilohilo, na hapo mwanafunzi wa Mombasa ana la kusema ambalo mwenzake wa Boston hana.

Sasa maombi yangu.

La haraka ni kusimamisha ule waraka, au angalau kuondoa kifungu kinachofanya jibu la programu kuwa ushahidi unaojitosheleza. Mwalimu akimtilia mtu shaka, amwite, amuulize kuhusu kazi yake. Dakika tano zinatosha kumjua aliyekwenda sokoni.

Zito zaidi ni mgawanyo wa alama. Kanuni zetu zinatenga asilimia 30 kwa kazi za muhula na 70 kwa mtihani wa mwisho, na haziruhusu somo la mwaka wa kwanza kupima wanafunzi kwa mazungumzo. Naomba somo hili lipewe ruhusa ya kufika nusu kwa nusu, na ndani ya nusu ya kwanza iwemo kazi ya nyanjani inayotetewa ana kwa ana. Nimesikia jibu la ofisi za fedha kabla sijaulizwa, kwamba wanafunzi 400 hawawezi kuhojiwa. Hebu tuhesabu. Vikundi vya watano ni 80. Kila kikundi kikipewa dakika 15 ni saa 20 kwa darasa zima. Hivi sasa ripoti 80 za kurasa 12, kwa dakika 40 kila moja, zinatumeza saa 53 na ushee, na matokeo yake ni kama yale ya changu wa shilingi 437. Wanafunzi wawili kati ya watano wachaguliwe kwa kura mlangoni, si kabla, ili asiyekwenda sokoni ajue kwamba ana uwezekano wa asilimia 40 wa kuitwa kueleza alichokiona huko. Yupo atakayelalamika kwamba alama yake imeamuliwa na ulimi wa mwenzake, na lalamiko lake lina haki. Ndiyo maana napendekeza utetezi usibebe zaidi ya theluthi moja ya alama za kazi hiyo, angalau kwa miaka miwili ya mwanzo, mpaka tuone unavyokwenda.

Katika utetezi huo naomba mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitambua lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, sambamba na Kiingereza, lakini kanuni zetu za mitihani zimekaa kama hazijaisoma. Siombi hivyo kwa ajili ya uzalendo. Mwanafunzi anayejibu kwa Kiingereza huweza kunikaririshia sentensi ya kitabuni kuhusu sampuli nasibu, nami nisijue kama ameielewa. Nikimuuliza kwa Kiswahili, “Ulimchaguaje huyu muuzaji ukamwacha yule?”, hakuna kitabu cha kukariri, na jibu linatoka jinsi lilivyo. Wengi wanaoonekana wazito ukumbini nimewaona wakichangamka hapo, na wachache waliokuwa wakiwika nimewaona wakitafuta dirisha.

Vikundi vidogo vya mazoezi vilivyofutwa katika bajeti vinahitaji kurudi, hata kimoja kwa wiki mbili, kwa kuwa haya siwezi kuyafundisha kwa kipaza sauti kwa watu 400. Barua ya utambulisho ya kuwapeleka wanafunzi masokoni na stendini itolewe mwanzoni mwa muhula, kwani ya mara ya mwisho ilitufikia wiki ya mitihani. Watu wana haki ya kujua anayewauliza ni nani na majibu yao yatakwenda wapi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya mabenki peke yake. Na nauli. Najua inaonekana ni jambo dogo mno kuandikiwa Seneti, lakini yule kijana hakunidanganya katika hilo, niliuliza. Kikundi kimoja kinahitaji nauli ya siku mbili tu, na nina hakika gharama yote haifiki bei ya leseni ya ile programu ya kubaini.

Nakiri pia kwamba zoezi la samaki nimelitoa miaka mingi bila kulibadili. Hilo ni langu na sitalisukumia kwa wanafunzi wala kwenu. Swali lililokuwa halihitaji mtu kuwapo mahali popote lilikuwa likisubiri mashine tu. Zoezi jipya tayari nimeliandika: kila kikundi kitarudi na bei, jina la meza, saa waliyofika, hali ya maji kama yalikuwa yamejaa au yametoka, idadi ya wauzaji waliokataa kujibu, na maelezo ya kila pengo kwenye jedwali. Mashine wataruhusiwa kuitumia kwa kuchambua na kuandika, mradi waambatishe walichoiambia.

Utetezi wa kwanza wa majaribio, usio na alama kwa kuwa kanuni bado haziniruhusu, utafanyika wiki ya tisa ya muhula huu katika chumba cha mikutano cha idara yetu, kuanzia saa mbili asubuhi. Nimeweka viti viwili vya ziada kando ya meza ya watahini. Naomba wajumbe wawili wa Seneti waje wavikalie, na wawaulize wanafunzi swali lolote la bei ya changu.

Wenu mtiifu,

Mhadhiri wa takwimu, Mombasa